Kuchagua meno ya bandia: Maalimu aliyeondoka mihrabuni

Ijumaa hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu huliona dogo mpaka linapotufika wenyewe, nalo ni kung'oka kwa meno na namna ya kuchagua ya bandia yatakayokaa mahali pake.

Mwaka jana, siku chache kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, katika msikiti mmoja wa upande wa Machame uliozungukwa na migomba mpaka ukutani, Maalimu wetu aliyetusomesha juzuu ya Amma tukiwa watoto alimkabidhi mihrabu kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wake. Hakutoa sababu. Kwa kuwa hakutoa sababu, watu walimtafutia: wapo waliosema amegombana na kamati juu ya fedha za ujenzi, na wapo waliosema uzee umemchosha. Sisi tulipanda kwenda kumjulia hali baada ya Idd. Tulimkuta barazani akiwa na watoto wa madrasa, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku amefunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha begani.

Akamwamuru mtoto mmoja asome. Mtoto huyo ana miaka kama kumi na meno yake yote yapo. Alisoma Alhamdu vizuri mpaka alipofika neno "alladhina", na hapo herufi ya dhali ikamtoka kama pumzi tupu inayopita katika tundu la ufunguo. Mtoto wa pili akasoma vile vile. Maalimu akainamisha uso. Watoto hawakuwa na kosa, kwa sababu walikuwa wanaiga wanachokisikia kwa mwalimu wao. Ndipo tulipoona kwamba meno yake manne ya mbele ya juu hayapo.

Waliosoma tajwidi wanafahamu kwamba herufi tatu, yaani tha, dhali na dha nzito, hutokea pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Herufi ya fa nayo hutaka ncha za meno hayo zikutane na mdomo wa chini. Katika Suratul Fatiha hamna fa, wala tha, wala dha nzito, lakini dhali imo, na pasipo meno ya juu ulimi hauna pa kuegemea. Dhadi ya "maghdhubi" na ya "dhallina" hutoka ubavuni mwa ulimi ukikutana na magego ya juu, na kwa kuwa yatosha upande mmoja, Maalimu aliyebakiwa na magego ya kushoto hakuwa na tatizo nayo.

Sasa katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu anayebadilisha herufi ya Fatiha kwa kutoweza, sala yake mwenyewe ni sahihi, ila hasalishi mtu anayeisoma Fatiha sawasawa. Maalimu alituambia, kwa sauti ya chini, kwamba alikaa majuma mawili akijisikiliza peke yake shambani. Aliporidhika kwamba herufi haitoki, akaondoka mihrabuni kabla hajaondolewa. Hakugombana na mtu. Aliona haya tu kuwaambia watu kwamba kilichomwondoa ni mapengo.

Tulipomshauri atafute meno ya bandia, tulikuta shauri hilo limekwisha kuzungumzwa ndani ya nyumba na limegawanya watu. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alitaka baba yake apandikizwe meno ya kudumu, na alikuwa tayari kuchukua mkopo wa benki wenye riba kwa ajili hiyo. Mkwewe, kwa nia njema kabisa, alikuwa amempata fundi anayezunguka kwenye magulio ambaye angemaliza kazi asubuhi moja kwa bei ya mbuzi mdogo. Maalimu mwenyewe hakutaka lolote. Alisema, "Mwenyezi Mungu amechukua amana yake, mimi ni nani niweke nyingine mahali pake?"

Tuanze na neno la Maalimu, kwa sababu wazee wengi husema kama yeye. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kwamba sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya, na Mtume (s.a.w) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Kutokana na kisa hicho wanazuoni wamechukua ruhusa ya kurudisha kiungo kilichopotea, likiwemo jino, hata kwa dhahabu kwa mwanamume pale haja inapokuwepo. Kilichokatazwa katika hadithi ya Ibn Mas'ud iliyomo katika Bukhari na Muslim ni kuyachonga na kuyaachanisha meno mazima kwa ajili ya kujipamba. Anayeziba pengo ili ale na asome hajabadili umbile bali amelirejesha. Ama dhahabu, leo kuna vifaa vingine vinavyofanya kazi ile ile, kwa hiyo mwanamume anayevika jino la mbele dhahabu ili ling'are harusini ajiulize vizuri haja yake ni ipi. Mwanamke amepewa wasaa katika hilo.

Na ikumbukwe kwamba meno ya bandia si jambo geni kwetu. Kabla ya karne ya ishirini meno ya kiboko yalikuwa bidhaa iliyosafirishwa kutoka pwani yetu, na huko Ulaya na Marekani meno hayo yalichongwa kuwa meno ya watu wenye uwezo. Baya zaidi, baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815 waliokota meno vinywani mwa maiti za askari na kuyauza kwa madaktari wa meno. Hilo wanazuoni wetu wengi wamelikataa, kwani mwili wa mwanadamu una heshima yake akiwa hai na akiwa maiti. Tunalitaja kwa sababu bado lina jamaa yake katika zama zetu, nasi tutalirudia.

Ama yule fundi wa gulioni, tulimkataza mkwe bila kuzunguka. Mafundi wa namna hiyo huchanganya unga na maji ya plastiki inayokauka yenyewe, wakaigandisha moja kwa moja kwenye fizi na kwenye meno ya jirani. Plastiki hiyo hupata moto inapokauka na huunguza fizi, na haivuliki. Chakula hujificha chini yake, fizi huvimba, na baada ya muda meno mazima ya pembeni hulegea na kufuata yale yaliyong'oka. Mtu huyo aliingia na mapengo manne, akatoka na sita. Kabla ya kumfungulia mtu kinywa chako, ujue kwamba daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuuliza usajili wake si utovu wa adabu.

Tukamshusha Maalimu Moshi. Mkoa wetu haukosi pa kwenda: ipo Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na ipo KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ingawa jina lake ni la Kikristo imewatibu Waislamu wa mlima huu kwa zaidi ya nusu karne. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, akamwita "babu" na kumsaidia kupanda kitini. Tulidhani ataanza kwa kutuuliza tuna fedha kiasi gani. Badala yake alitumia muda mrefu kuyatikisa meno yaliyobaki, moja baada ya moja, akapima sukari ya damu, akapiga picha ya taya, kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Babu, unajua ni jino lipi litakalofuata?"

Alikuwa ameona kwamba meno mawili, moja kila upande wa pengo, yamelegea kwa ugonjwa wa fizi. Hakutaka kuyang'oa siku ile kwa kuwa yangeweza kukaa mwaka au zaidi yakisafishwa vizuri, lakini alitaka meno ya bandia yachaguliwe kwa kuyahesabu hayo nayo. Sisi tulikuwa tunalipima pengo, yeye alikuwa anapima kinywa kizima na miaka ijayo. Baada ya hapo kila aina aliyotueleza tuliielewa kwa mizani hiyo.

Mapandikizi anayoyataka mwana ni misumari midogo ya titani inayopandwa ndani ya mfupa, ukashikana nayo, kisha jino likafungwa juu yake. Msweden Per-Ingvar Brånemark alimfanyia mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, na kwa anayefaa hakuna kinachoyakaribia kwa uimara. Lakini mfupa wa taya husinyaa baada ya jino kung'oka, zaidi katika mwaka wa kwanza, na wa Maalimu ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba kwa sababu meno hayo yalitoka miaka mingi nyuma. Tena ana kisukari ambacho siku hiyo hakikuwa kimedhibitiwa, na kisukari cha namna hiyo, kama uvutaji wa sigara, huongeza hatari ya pandikizi kukataa. Mfupa mwembamba huweza kuongezewa unga wa mfupa, na hapa ndipo tulipoahidi kurudi. Unga huo na ngozi nyembamba zinazoufunika huweza kutoka kwa ng'ombe, kwa nguruwe, kwa maiti wa binadamu, au kutengenezwa kiwandani. Muislamu aulize mapema, na aliyetafuta kilicho safi atakipata, kwani cha ng'ombe na cha kiwandani vipo. Mwana tulimpigia simu pale pale tukamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama zile za mkopo azirudishe. Tulimjibu kwamba kama hajazichukua, asizichukue.

Daraja la meno, ambalo hugandishwa na halivuliwi, huwa jepesi mdomoni na matamshi hayasumbuki. Gharama yake iliyojificha ni kwamba meno ya pande zote mbili za pengo husagwa ili yabebe kofia zake. Ukiwa kijana uliyepoteza jino moja, na jirani zake hayana hata kidoa, fikiri mara mbili kabla ya kuyasaga meno mazima. Kwa Maalimu hilo halikujadiliwa, kwani nguzo zenyewe zilikuwa zinacheza.

Yakabaki ya kuvua na kuvaa, nayo si aina moja. Kuna bamba la akriliki, ile plastiki ngumu ya rangi ya fizi iliyoingia katika kazi hii miaka ya 1930, lenye kulabu za waya zinazoshika meno yaliyobaki. Ndilo la bei nafuu kuliko yote na ndilo linalotengenezwa kwa wepesi, ila ni nene, hufunika sehemu kubwa ya kaakaa, na likianguka sakafuni huweza kuvunjika. Kuna la chuma cha kromu na kobalti, jembamba na imara, linaloketi juu ya meno na kuiacha fizi ipumue. Lina gharama zaidi, na halifai kwa mtu ambaye meno ya kushikia yanakaribia kutoka. Na kuna la nailoni linalopindika, lisilo na waya unaoonekana, ambalo akina mama wengi hulipenda likiwa mkononi. (Lisichanganywe na yale "meno ya nailoni" ambayo watu huwachokoa watoto wachanga fizini wakidai yanaleta homa na kuharisha. Hayo ni machipukizi ya meno halali ya mtoto, na kuyachokoa kumeua watoto.) La nailoni ni jepesi na halivunjiki kirahisi, lakini ni gumu kulitengeneza, na jino jingine likitoka, kuliongeza ni shida.

Hapo shauri likajimaliza lenyewe. Akriliki, ile tuliyoidhania ya maskini, ndiyo iliyomfaa, kwa sababu jino la tano na la sita yakitoka, fundi sanifu huyaongeza katika bamba lile lile bila kuanza upya. Tunakiri kwamba tulipanda gari kwenda Moshi tukiwa tumekwisha kuamua moyoni kwamba cha ghali ndicho bora kwa mwalimu wetu.

Anayepoteza meno yote anapaswa kujua jambo jingine. Bamba zima la juu hushikwa na mnyonyo wa kaakaa na mara nyingi hukaa. La chini halina kaakaa, ulimi hulisukuma, na kilio cha wengi kiko huko. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na jino, bamba linaloshikwa na mapandikizi mawili tu ndilo liwe chaguo la kwanza. Kwa hiyo familia yenye uwezo wa kiasi, inayotaka kumfaa bibi asiyeweza kutafuna hata ndizi za machalari, isiwaze mapandikizi ya kinywa kizima.

Turudi kwa Maalimu. Safari ya tatu kati ya tano tulizokwenda ndiyo ambayo tungependa kila msomaji aishike. Kabla meno hayajagandishwa katika akriliki, huwekwa kwanza katika nta na kujaribiwa mdomoni. Daktari alimwambia Maalimu ahesabu sita, saba, sitini, kisha aseme fedha na thelathini, kwani kwa herufi hizo madaktari hupima kama meno yamekaa mahali pake. Maalimu alihesabu kwa heshima, halafu akasema, "Mwanangu, niruhusu nisome ninachokisoma mimi." Akasoma Fatiha pale kitini. Dhali ilitoka, lakini ulimi ulikuwa unagonga mbele mno. Daktari, ambaye si Muislamu, alisikiliza na kutazama ulimi, akapasha kisu chake moto, akayarudisha meno mawili ndani kidogo, akasema, "Soma tena, babu." Alisoma mara nne. Katika hatua ya nta kila kitu hurekebishika kwa dakika chache. Ikishakuwa akriliki, kuyasogeza meno ni kazi ya kurudi mwanzo. Yeyote mwenye kuadhini, kusomesha, kusoma Maulidi au kuimba kaswida asione haya kusema na kusoma katika kiti hicho.

Siku ile ile ikaja habari ya rangi. Maji ya baadhi ya chemchemi na visima kuzunguka Kilimanjaro na Meru yana madini mengi ya floraidi, na magadi tunayotia katika maharage na kiburu huyaongeza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto anayekunywa yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake ya kudumu yanaumbwa, meno humtoka na madoa ya kahawia, na ndiyo hali ya Maalimu na ya wengi tuliokulia huku. Daktari alipotoa vipande vya rangi, Maalimu akaonesha cheupe kuliko vyote. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Maalimu na ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema, "Hapana, Daktari. Akivaa hayo watu watadhani ameazima kwa mtu." Yakachaguliwa ya manjano yaliyofifia, na mpaka leo anayemtazama hajui yapi ni yapi.

Wasomaji wetu hutuuliza sana juu ya ibada. Katika madhehebu yetu kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, hivyo si lazima kuyavua. Hata kwa Wahanbali wanaosema ni wajibu, Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliyafananisha na pete, na kwamba halazimiki mtu kuyavua kila anapotawadha. Kuyavaa hakufunguzi saumu, ila ile gundi ya kubandikia ikimezwa kwa makusudi hufunguza, basi mfungaji aiepuke mchana. Na maiti akiwa nayo ya kuvuka, yatolewe taratibu wakati wa kumuosha, na yakiwa na dhahabu hiyo ni mali ya warithi. Yaliyogandishwa yasing'olewe kwa nguvu. Wallahu aalam.

Juu ya usafi, Maalimu alipewa masharti machache naye ameyashika kama wadhifa. Huyasugua kwa brashi laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, hayaoshi kwa maji ya moto kwa kuwa akriliki hupinda, na usiku huyavua na kuyalaza katika kikombe cha maji baridi. Wazee wengi hulala nayo kwa kuona haya. Utafiti uliofanywa Japani na kutangazwa mwaka 2015 kwa watu wenye miaka 85 na zaidi ulionesha kwamba waliolala na meno yao ya bandia walipatwa na homa ya mapafu karibu mara mbili ya wasiolala nayo, achilia mbali utando mweupe na vidonda vya kaakaa.

Alipoyapata, hakurudi mihrabuni Ijumaa ile kama tulivyotaraji. Majuma matatu ya mwanzo mate yalimjaa na maneno yalimteleza, na hilo ni la kawaida kwa kila anayeanza. Alikuwa akienda shambani baada ya alfajiri na kusoma kwa sauti kati ya migomba, kisha akamwita yule kijana aliyemwachia mihrabu, akamketisha mbele yake kama mwalimu, akamwambia amsikilize na asimwonee haya. Mara mbili kijana alimwambia, "Bado, Maalimu." Mara ya tatu alinyamaza, akaenda kutandika mswala wa imamu.

Tulipanda tena mwezi uliopita. Maalimu anasalisha, na jino la tano limekwisha kutoka na kuongezwa katika bamba lake. Watoto walikuwa barazani kama kawaida, na yule wa miaka kumi bado dhali inamtoka kwa pumzi. Maalimu alimfungulia mdomo, akamwonesha kwa kidole pale ulimi unapotakiwa kufika, kisha akatugeukia na kusema kwamba huyu atamchukua mwezi mmoja zaidi.